Malkia Aliyetolewa Jumatatu ya Pasaka

Liège, 20 Aprili 2024

Ndugu yangu Anselmo,

Nakuandikia kwa karatasi ju ya simu yako imenikataa. Nilipiga, nikatuma ujumbe, kimya. Nilifikiri umebadilisha namba. Kisha nikaona picha yako imepotea kwenye WhatsApp yangu, nikaelewa: umenifungia. Bon. Posta haina kitufe cha kumfungia mtu.

Ni ule mchezo wetu wa Jumatatu ya Pasaka, sivyo? Umeona unavyotembea? Watu wanautuma toka Manila mpaka Buenos Aires. Mwalimu mmoja wa hapa anaufundishia watoto. Anausimamisha pale ninapomtoa malkia, anauliza, "Mweupe atacheza nini?" Watoto wanataja kila kitu, hakuna anayetaja malkia. Sikufichi, nafurahi sana. Nimekuwa grandmasta miaka yote hii na nje ya chesi hakuna aliyenijua. Sasa hata kinyozi wangu ananiuliza habari za Stockholm.

Najua kwako ilikuwa vibaya. Hujawahi kucheza mashindano mazuri vile. Mwalimu wa hisabati wa Tensta, unafika raundi ya mwisho tuko sawa kwa pointi, na wale wote wanaokula kwa chesi wako nyuma yako. Halafu unapangiwa na nani? Na mimi, niliyekaa nawe chumba kimoja kule Hallunda, Stockholm, tukipika ugali kwa sufuria isiyo na mkono.

Gazeti moja limeniomba maelezo ya ule mchezo. Tuyaandike pamoja, wewe upande wako, mimi upande wangu. Itakuwa nzuri, vraiment.

Msalimie shemeji Josefina. Mbusu mtoto wenu Malaika.

Wako,
Gilles


Tensta, 6 Mei 2024

Ndugu Gilles,

Barua yako imefika. Hatujambo.

Maelezo ya pamoja hayatawezekana, kwa kuwa ya kwangu nimekwisha kuyaandika. Yametoka wiki hii kwenye tovuti ya klabu yetu, katika ule mfululizo wangu unaoufahamu: nachukua kafara mashuhuri za magrandmasta, pale wanapotoa kete zao makusudi ziliwe, naziweka mbele ya injini, ile programu ya chesi ya kompyuta, kisha nauliza kama zilikuwa za haki au tulifanyiwa kiini macho. Nimewahukumu wakubwa wengi, waliokufa na walio hai. Zamu yako imefika.

Nakupa hukumu kwa ufupi. Malkia wako anamla askari aliye kando ya mfalme wangu. Namla malkia kwa mfalme. Ngome yako inanitisha. Hapo nina njia mbili tu: kumrudisha mfalme nyuma ya askari wake, kama nilivyofanya nikashindwa, au kumtoa nje, mbele, katikati ya ubao, peke yake. Nikimtoa nje, huna cha kumfanya. Unakimbiza mfalme huku mikono yako mitupu, na mimi nina malkia zaidi. Niliiacha injini ikichambua tangu natoka kwenda shuleni hadi narudi. Haikubadili neno. Kafara yako ni batili.

Nikijua watu watasema nina kinyongo, nimechunguza pia kafara zako nyingine zote, tangu enzi za Hallunda. Nyingi ni mbovu, na ubovu wake ni ule ule. Ukiona mfalme wa mwenzako ameacha dirisha wazi, akili inakuhama. Unarusha vitu.

Injini haina rafiki, Gilles, wala haishangilii. Siku ile ukumbi mzima ulipiga makofi mpaka mwamuzi akawanyamazisha. Josefina alipiga makofi. Nilimwona. Tukiwa kwenye treni ya kurudi akaniambia, "Sijui mchezo wenu, lakini ile ilikuwa nzuri."

Nimeandika ili ijulikane kwamba haikuwa nzuri.

Anselmo Massawe


Liège, 21 Mei 2024

Anselmo wangu,

Nimesoma yote, pamoja na kamusi ya Kiswidi. Uko na haki. Mfalme anatoka mbele, mimi nimekwisha. Umeridhika?

Lakini acha nikuulize jambo moja. Injini yako, ilipokuwa inachambua, mikono yake ilitetemeka? Ilisikia saa ikienda? Unampima mutu anayetoka jasho kwa kitu kisichojua jasho ni nini. Mimi nikimtoa malkia sichezi na injini. Nacheza na yule aliyekaa mbele yangu, na siku ile alikuwa wewe. Nakujua, ndugu. Ukishtuka, unarudi nyumbani. Toka zamani uko hivyo. Mtu mwingine nisingemfanyia.

Sikasiriki. Makosa yangu yote ya miaka yote umeyakusanya! Hata mama yangu hakuniangalia kwa makini vile.

Josefina nimemwandikia kando, kuna kitu nilitaka kumwuliza.

Gilles


Tensta, 3 Juni 2024

Gilles,

Bahasha yako aliiokota Malaika mlangoni. Akasoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu siku hizi: "Från Belgien. Till mamma." Imetoka Ubelgiji, ya mama. Mtoto anamletea mama yake barua ya mwanamume mwingine, na baba mtu amekaa pale pale anakunywa uji.

Josefina aliisoma akiwa amesimama. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti la kazi, akaenda kuendesha basi lake. Sikumwuliza. Hakuniambia. Tangu siku hiyo namsikiliza anavyoosha vyombo, namsikiliza anavyocheka na simu, nataka kujua anacheka na nani. Nikifundisha, naona mfuko wa lile koti ubaoni.

Una kila kitu. Una jina. Ukiingia ukumbini shingo zinageuka. Mimi nimecheza chesi tangu utotoni Moshi, na duniani nitajulikana kama yule aliyekaa upande wa pili siku Gilles alipomtoa malkia. Picha yangu imezunguka Manila na Buenos Aires nikiwa nimeshika kichwa. Hayo yote uliyachukua, nikavumilia. Sasa unataka kuingia na jikoni kwangu?

Sijasahau ulivyokuwa ukimfungulia mlango wa kanisa, wakati sote tulipokuwa kwenye kwaya ya Kiswahili. Hukuwahi kumfungulia mlango mtu mwingine yeyote.

Mke wangu haandikiwi barua. Tafuta wako.

A. Massawe


Liège, 19 Juni 2024

Anselmo,

Nimepata wito kutoka kamati ya mashindano. Nafikiri na wewe umepata.

Kuna msomaji wa makala yako, sijui nani, amewaandikia. Anasema hivi: kama ushindi wa Massawe ulikuwa wazi vile, mbona hakuuchukua? Na kama grandmasta sare ilimtosha kubeba kombe, kwa kuwa hesabu ya kuvunja usawa wa pointi ilimpendelea, mbona alimtoa malkia bure, isipokuwa alijua mapema kwamba mwenzake hatamwadhibu? Halafu akaongeza kwamba sisi ni marafiki, tulikaa chumba kimoja. Wanauita mchezo wa kupangwa. Wametumia makala yako kama ushahidi wa kwanza, na ule wa pili pia ni makala yako.

Kwako ni aibu, labda utafungiwa kucheza. Kwangu ni kazi. Nani atamleta mtoto wake afundishwe na mwizi? Cheo nilichokitafuta toka Bukavu kitafutwa kwa kalamu moja.

Ulitaka kuchoma kofia yangu tu, ndugu. Lakini nilikuwa nimeivaa, na tuko nyumba moja.

Watatusikiliza Stockholm mwisho wa Agosti. Sitaandika tena mpaka pale.

Gilles


Tensta, 30 Juni 2024

Shemeji Gilles,

Ningekupigia simu, lakini maneno haya ni afadhali yakae kwenye karatasi, nisikatizwe.

Anselmo hali chakula vizuri. Amepanga kuwaambia kamati kwamba siku ile aliumwa na kichwa. Nikamwambia, "Kichwa gani? Asubuhi yake ulikula chapati nne ukiimba." Akasema hicho ndicho kitu pekee watakachokubali bila maswali. Nikamwambia kuna kingine, nacho ni cha kweli. "Waambie huwezi kumpa Gilles ushindi hata kwa bunduki. Mtu aliyekaa mwezi mzima akihesabu makosa ya mwenzake, atampangiaje mchezo? Unamwonea wivu, Anselmo. Huo wivu ndio utakaowatoa nyote wawili." Akasimama, akaacha sahani, akaenda kukaa kwenye roshani. Hajanisemesha vizuri mpaka leo.

Makofi yale anayonilaumu nayo, nilipiga kwa sababu watu wote walipiga. Nilidhani yeye ndiye ameshinda. Nilipojua siye, nikatafuta neno la kumfariji, nikasema ilikuwa nzuri. Sasa hilo neno limekuwa msumari.

Uliniuliza kama Anselmo ana furaha, na kama mimi nina furaha. La kwanza umeshajibiwa. La pili si lako kuuliza. Ulishaniuliza swali kubwa kuliko hilo, pale kwenye ngazi za kanisa, kabla Anselmo hajasema neno, na nilikujibu. Sijawahi kumwambia mtu, na sikulaumu. Lakini usiniandikie tena. Nikipata barua naificha, na mimi si mtu wa kuficha vitu.

Ukija mwezi wa nane, sema ukweli wote ulio nao. Yeye ataniambia kama ulisema.

Josefina


Tensta, 2 Septemba 2024

Gilles,

Uliondoka bila kuaga. Nimesikia ulilala hoteli Märsta, karibu na uwanja wa ndege, kama mpita njia. Treni ingekufikisha kwetu mapema tu. Sikulaumu, nami nisingejua nikufungulie mlango kwa uso gani.

Walipokuwa wakinihoji wewe ulikuwa umekaa kwenye korido, kwa hiyo yaliyosemwa ndani uliyasikia kwa kusomewa tu. Nataka uyajue kutoka kwangu.

Mwenyekiti, yule mama mwenye nywele fupi aitwaye Nora, aliweka ubao mezani, akapanga mchezo mpaka pale. Akamshika mfalme wangu kwa vidole viwili.

"Hatua hii ya kwenda mbele, uliiona siku ile?"

"Niliiona."

"Kabla ya kucheza, au baada?"

"Kabla."

Wenzake wakatazamana. Nikajua nimejifunga kamba mwenyewe. Akauliza, "Basi kwa nini hukuicheza?"

Nikafungua mdomo niseme habari ya kichwa. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi kwa Kiswidi kizuri. Nikajisikia nikisema, "Niliogopa."

"Uliogopa nini? Injini yako inasema njia ilikuwa salama."

"Injini haikukaa kwenye kiti changu. Mbele yangu alikaa Gilles. Akitoa kitu, anakitoa bila kupepesa jicho, nami naamini moja kwa moja kwamba yeye ameona na mimi ni kipofu. Nimeamini hivyo tangu siku nilipomjua. Nilimwona mfalme anaweza kutoka. Sikuamini kwamba mimi ndiye ninayeweza kumtoa."

Mzee mmoja kando yake akasema, "Au mlikubaliana. Ni rafiki yako."

Hapo nikasema. Kwetu tunasema wivu, na mtu anaweza kutaja wivu akicheka. Kwao neno hilo limebeba ugonjwa ndani yake: avundsjuk. Nikalitamka kama mtu anayemwonyesha daktari jipu. Nikasema, naumwa wivu juu ya mtu huyu. Juu ya jina lake, juu ya mikono yake inavyotulia, juu ya jinsi mke wangu alivyopiga makofi. Nikawaonyesha uchambuzi wote, kafara zako mbovu tangu ujana, na injini ikitoa hukumu kila moja. Nikawaambia, tazameni, amekuwa akirusha vitu namna hii maisha yake yote, hakuanza kwangu. Na mimi nimekaa kumhesabia. Mtu anayepanga mchezo na mwenzake hafanyi kazi hii.

Nora alipitia kurasa taratibu. Mwishoni akawaambia wenzake, bila hata kunitazama, "Hapana. Hii si kazi ya mshirika."

Ndipo wakakuita. Akakusomea nilivyosema, neno kwa neno. Sikujua pa kuweka macho. Akakuuliza kama una la kuongeza, na kwa nini ulimtoa malkia wakati sare ilikutosha. Ukasema maneno mawili: "Jag också."

Mimi pia.

Yule mzee alicheka, alidhani unafanya mzaha. Wakaandika wanachoandika, na leo nimepata barua: hakuna ushahidi, shauri limefungwa. Nadhani nawe umepata.

Lakini mimi sikucheka. Wewe pia nini, Gilles? Wewe umwonee wivu nani?

Anselmo


Liège, 16 Septemba 2024

Anselmo,

Josefina aliniomba niseme ukweli wote. Kule mbele ya watu nilisema maneno mawili tu. Haya ndiyo mengine.

Sare ilinitosha, ni kweli. Siku ile nilikuwa nimechoka, nafasi yangu haikuwa nzuri, nilishafungua mdomo kukuomba sare. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, baridi inaingia. Josefina akaja kutoka kwa watazamaji, akapita nyuma yako, akakuwekea koti mabegani. Akalivuta kidogo huku na huku likae sawa. Akarudi kukaa.

Na wewe hukugeuka.

Hukugeuka hata kidogo! Uliendelea kuangalia ubao kama koti limejileta lenyewe. Mimi naamka kwenye mahoteli, navaa koti langu mwenyewe, nafunga mlango na hakuna mtu nyuma yake. Watu wanageuza shingo nikiingia, uko na haki. Nikitoka nani anajua? Nikakuangalia, umefunikwa na hujui kama umefunikwa. Nikasema, huyu simpi sare. Huyu leo atapoteza kitu.

Nikamshika malkia.

Mpe injini yako mwaka mzima, haitaiona sababu hiyo. Kwenye ubao haikuwepo. Mfalme wako kutoka mbele nilimwona mara tu nilipoachia mkono. Nikakaa pale uso wa jiwe, namwomba Mungu usimwone. Na wewe ulimwona! Ulimwona, ukaogopa uso wangu, na uso wangu ulikuwa unaogopa wewe.

Gazeti nimewaambia waandike kwamba kafara ilikuwa batili, na aliyegundua ni Anselmo Massawe. Wameandika. Kinyozi wangu amehuzunika.

Sina maneno mengine.

Gilles


Tensta, 6 Oktoba 2024

Gilles,

Nilimsomea Josefina barua yako yote, na lile la koti. Alikuwa anamsuka Malaika. Hakusimamisha mikono. Nilipomaliza, akamwambia mtoto aende chumbani, kisha akaniambia kitu ambacho wewe unakijua na mimi sikukijua: kwamba ulimposa kabla yangu, kwenye ngazi za kanisa, na akakataa.

Nikamwuliza, "Miaka yote hii, mbona hukuniambia?"

Akasema, "Kwa sababu ungefurahi vibaya."

Nilifurahi vibaya, Gilles. Sitakudanganya. Nilitoka nikatembea kwa miguu mpaka Spånga nikicheka peke yangu, mtu mzima na mwalimu wa watu. Nilikuwa nimekushinda katika jambo kubwa kuliko yote, na nilikuwa nimeshinda tangu zamani, kabla hujawa grandmasta, na miaka yote hiyo nimekaa nikijiona mimi ndiye niliyeshindwa. Nilitaka nikukute njiani nikuangalie tu usoni.

Kufika stesheni ya Spånga furaha ikaisha. Sijui iliishia wapi. Nikabaki nimesimama na mvua inanyesha, namfikiria mtu aliyekataliwa kwenye ngazi, kisha akaja kukaa mezani kwetu Jumapili baada ya Jumapili, akasifu chakula, akambeba mtoto wetu siku ya ubatizo. Mimi nisingeweza. Hata hilo nikakuonea wivu.

Malaika anauliza kama farbror wake, baba mdogo Gilles, atakuja Krismasi. Nimemwambia sijui, na ni kweli sijui. Sasa hivi sitaki uje. Siku nitakayotaka nitakuandikia mimi mwenyewe, si Josefina, na itakuwa barua fupi.

Siku ile nilipanda basi la kurudi Tensta nikiwa nimelowa. Dereva alikuwa yeye. Alikuwa ameanza zamu ya jioni, Malaika amemwacha kwa jirani. Nikakaa kiti cha mbele, upande ambao naweza kuuona uso wake kwenye kile kioo kikubwa. Anavyosubiri wazee wakae kabla ya kuondoka. Anavyong'ata mdomo akikata kona ya kule kwenye maduka. Nimeoana naye miaka yote hii na sikujua kwamba anang'ata mdomo.

Mwisho wa njia watu wote wakashuka. Akazima injini, akageuka.

"Anselmo, hushuki?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia twende tena mpaka Spånga.

Anselmo